Bati la Kyerwa haliingii kwenye mvinyo

Nimeulizwa swali hili Kayanga, nikaulizwa Nkwenda, na juzi limenijia tena kwa simu kutoka kwa mtu anayetafuta shamba: kwa kuwa Kyerwa kuna bati ardhini, zabibu zikipandwa huko si zitatoa ule mvinyo mweupe mkavu wenye ladha ya madini? Hapana. Naomba tulimalize leo, kwa sababu kuna watu wanakaribia kuweka akiba yao humo.

Imani kwamba mzabibu hunyonya mwamba na kuutoa kwenye glasi imeenea duniani kote, na wauza mvinyo wanaitunza kwa sababu inauza chupa. Mfano wao mkubwa ni Chablis, Ufaransa, ambako mawe ya chokaa yamejaa visukuku vya chaza wadogo. Mnywaji huambiwa anaonja chaza hao. Visukuku hivyo ni kalsiamu kaboneti tupu. Lamba kipande cha jiwe la chokaa uone: ladha karibu hakuna, harufu hakuna kabisa. Mjiolojia Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth alitoa kitabu kizima mwaka 2018 kuhusu mawe, udongo na mashamba ya mizabibu, naye haikubali hadithi hii.

Kwa bati ndiyo kabisa. Limo ardhini kama kasiteriti, jiwe zito la rangi nyeusi au kahawia. Mtazame mchimbaji anapoliosha: tope linakwenda na maji, bati linatulia chini ya karai, halipungui. Kitu kisichoyeyuka kwa kuoshwa hivyo, mzizi utakinywaje? Mzizi hunywa kilichoyeyuka tu: nitrojeni, potasiamu, kalsiamu. Tena potasiamu ikizidi hupunguza uchachu wa juisi, yaani inaondoa kitu kilekile mnachokitafuta. Kwa hiyo msimwage unga wa mawe shinani. Chokaa ya kilimo hurekebisha udongo wenye tindikali, mmea ukastawi. Ladha ya jiwe haileti.

Kinachoitwa ladha ya madini ni uchachu mkali, sukari iliyoliwa yote na hamira, harufu hafifu ya matunda, na pengine chembe za salfa zinazozaliwa wakati wa kuchacha. Chablis huupata uchachu huo kwa baridi. Karagwe, jirani na Kyerwa, nayo ina usiku wa baridi, vilima vyake vingine vikipita mita 1,500. Lakini mvua zetu ni za misimu miwili, na mzabibu unaolowa majani kila mara huandamwa na ubwiri vinyoya. Dodoma ina kiangazi kirefu. Ndiyo maana zabibu za nchi hii ziko kule, na huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Sasa ya kufanya. Unataka kunywa? Tafuta mvinyo wa Dodoma wa zabibu za Chenin Blanc, usome chupa uhakikishe ni mkavu, maana mweupe mwingi wa madukani ni mtamu, kisha uupoze vizuri. Unataka kupanda? Waulize watafiti wa zabibu wa TARI Makutupora, Dodoma, kabla ya kununua miche, na uanze na michache chini ya paa la nailoni. Unataka kinywaji cha hapahapa? Tumia ndizi. Chukua juisi ileile ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, ichuje, ikamulie ndimu kwa sababu ndizi haina uchachu wa kutosha, weka hamira ya mvinyo badala ya mtama, funga chombo na uache mrija wa kutolea gesi ndani ya maji. Mapovu yakikoma, hamisha ukiacha machicha chini, usubiri kitakate.

Chombo kiwe cha kioo, chuma cha pua au plastiki ya chakula. Ndoo ya bati, ambayo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki wala si bati la Kyerwa, usiiguse: tindikali huyeyusha zinki hiyo, nayo humfanya mnywaji atapike.