Unahama iPhone kwenda Android? Usiuze ya zamani kwanza!

Wadau, mshkaji wangu mmoja aliuza iPhone 11 yake asubuhi pale Kariakoo, mchana kanunua Android ya bei chee, chenji ikabaki ya kodi. Safi. Jioni kafungua WhatsApp: tupu. Humo kulikuwa na jumbe za sauti za marehemu mama yake. Jamaa hakulala.

Tuelewane hapa. WhatsApp ya iPhone inaweka nakala zake iCloud, ile ya Android inaweka Google. Ghala hizi mbili hazisomani. Ukiweka namba yako ileile kwenye Android, yaliyoko iCloud haiwezi kuyavuta hata ufanyeje. Namba inahama, maongezi yanabaki.

Mpaka 2021 njia rasmi haikuwepo kabisa. Mwaka huo WhatsApp wakaleta njia ya waya, wakaanza na Samsung, baadaye Pixel na simu nyingine zilizotoka kiwandani na Android 12 kwenda juu. Kwa hiyo dukani uliza hilo kabla hujauliza kamera. Unaunganisha simu mbili kwa waya (iPhone 14 kurudi nyuma tundu lake ni Lightning, kuanzia 15 ni USB-C). Kazi inafanyika pale simu mpya inapowashwa mara ya kwanza na kukuuliza kama unataka kuleta vitu vyako. Hapo ndipo wengi tunaruka, tuna haraka ya kuichezea! Ukiruka, itabidi uifute irudi kama ilivyotoka kiwandani, uanze upya.

Mshkaji aliponea hapo. Nakala yake iCloud ilikuwa bado ipo. Akaazima iPhone ya dada yake iliyokuwa imelala tu kabatini, akaingia kwa akaunti yake ya Apple na namba yake ileile, akarudisha maongezi, akaifuta ile Android mpya, kisha akahamisha kwa waya. Siku nzima imekwenda, lakini sauti ya mama anayo.

Kingine kinachosumbua watu ni iMessage. Laini ikiwa bado ndani ya iPhone, nenda kwenye mipangilio ya meseji uizime. Usipofanya hivyo, rafiki zako wenye iPhone wanaweza kukutumia meseji zikaishia huko huko, wao wanadhani umewanunia. Kama ulishauza, Apple tangu 2014 wana ukurasa wa kuitoa namba yako: unaiandika, unaletewa kodi kwa SMS, kwisha.

Picha hazina mbwembwe. Njoo nazo kafe na waya, zimwage kwenye kompyuta, halafu kwenye flashi. Google wanakupa GB 15 za bure, ila humo humo na barua pepe zako zimo. Programu ulizolipia upande wa Apple ndiyo basi tena, utanunua upya. Hela za M-Pesa au Airtel Money msiwe na presha, ziko kwenye laini, si kwenye simu.

Na siku ya kuuza, toka kwanza iCloud kisha futa kila kitu. Usipotoka, aliyenunua atakutana na kufuli la akaunti yako, na atakurudia na hasira zake.

Waliohama na Tecno au Infinix, tupieni hapo chini: waya ulikubali kwa toleo gani?