Tovuti zisizotukumbuka zawaumiza wanafunzi

Msafiri atokaye Meru kwenda Embu, akilazimika kubadilisha gari mjini Chuka, hulipa nauli upya. Utingo wa gari la pili haitambui tikiti ya gari la kwanza, wala hatuwezi kumlaumu. Masaibu kama hayo yanawakumba wanafunzi wetu katika intaneti.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinijia akibubujikwa na machozi. Alikuwa amechagua masomo 6 katika tovuti ya chuo ambacho sitakitaja. Alipofungua ukurasa wa karo, ukamtaka ajitambulishe upya. Aliporudi nyuma, masomo yote yalikuwa yametoweka, na siku ya mwisho ya kujisajili ilikuwa hiyo hiyo. Afisini aliambiwa kosa ni lake. Nakataa katakata.

Kwa asili, intaneti haina kumbukumbu: kila ukurasa unaoombwa, mwombaji ni mgeni. Ndiyo sababu mwaka wa 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi, yaani tikiti ambayo kivinjari huionyesha kila mara. Katika programu za Java tikiti hiyo kwa kawaida huitwa JSESSIONID. Habari zenyewe hubaki katika seva. Savleti ikihifadhi humo masomo ya mwanafunzi, ukurasa wa JSP wa programu iyo hiyo huweza kuyasoma, mradi zote zitumie jina lile lile, herufi kwa herufi. (Sisi wanaisimu tunalielewa hili: kwa mashine, "Karo" na "karo" ni maneno mawili.) Lakini ukurasa wa malipo ukiandikwa kwa PHP, au hata kwa Java ila katika programu nyingine ya seva ile ile, hilo ni gari jingine. Sharti waundaji wa pande zote mbili wakubaliane kuziweka habari hizo mahali pamoja, kwa mfano katika hifadhidata.

Walimu wenzangu wa kompyuta huzifundisha teknolojia hizi kila moja katika kipindi chake na kuzitahini mbali mbali. Kwa nini mtihani wa vitendo usimtake mtahiniwa amvushe mtumiaji mmoja kutoka teknolojia moja hadi nyingine bila kumpotezea chochote?

Yule mwanafunzi alisajiliwa wiki mbili baadaye. Faini ya kuchelewa ingali katika hesabu yake.