Mpiga Gitaa wa Benin na Maneno Yetu

Wanafunzi wangu wa isimu hustaajabu ninapowaarifu kwamba kuna albamu ya jazi ya mwaka 2008 iitwayo Karibu, na kwamba mwenyewe si Mswahili. Ni Lionel Loueke, mpiga gitaa aliyezaliwa Benin mwaka 1973, ambaye huimba kwa Kifoni, lugha ya toni isiyokuwa ya Kibantu.

Alianza kupiga ala hiyo akiwa na umri wa miaka 17. Nyuzi zilikuwa ghali mno. Zilizochakaa alizilowesha katika siki zipate kutakata, na zilipokatika alifunga nyaya za breki za baiskeli. Baadaye alisoma Ivory Coast, Paris, kisha chuo cha Berklee mjini Boston, alikokutana na Massimo Biolcati wa besi na Ferenc Nemeth wa ngoma, wenzake hadi katika Karibu. Huko Los Angeles waliomsaili ni Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard. Blanchard alimwingiza katika bendi yake. Hancock naye akamchukua, na gitaa lake limo katika River: The Joni Letters ya mwaka 2007.

Hapa ndipo sikio langu la kiisimu linaposimama. Hancock mwenyewe, mapema miaka ya 1970, alijiita Mwandishi, na jina hilo likawa la albamu yake ya mwaka 1971. Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga. (Huyu wa mwisho lilimstahili hasa, kwani ni daktari aliyehitimu. Hancock ningemwita Mtunzi, lakini sikuulizwa.)

Baadhi ya wenzangu hudai kwamba haya ni mapambo matupu: Kiswahili kimevaliwa kama shanga, hakikusemwa. Sikubaliani nao. Mwaka 2010 Loueke alitoa Mwaliko, akawaita humo Angelique Kidjo wa kwao Benin, Richard Bona wa Kameruni na Esperanza Spalding wa Marekani. Neno limetumika kwa maana yake kamili. Linaloniudhi ni kijana wa Nairobi, mwenye lugha hii tangu utotoni, anayeona haya kuupa wimbo wake jina la Kiswahili.

Mwaka 2020 Loueke alirekodi tungo za Hancock, yeye na gitaa lake tu. Albamu hiyo aliiita HH. Herufi mbili hizo hazinipi mofimu ya kuchambua, basi nimebaki kusikiliza.