Fedha za mtandaoni: siri iko wapi?



Juma hili nimeletewa barua ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mkono, kutoka kata ya Kitandililo kule Makambako. Aliyeiandika ni mama mmoja ambaye ameniomba nisimtaje, nami simtaji. Anaeleza kwamba alivuna kishamba chake cha miti ya mbao, akapata shilingi milioni 6, na kijana mmoja wa mjini Makambako akamshawishi aziingize katika sarafu za mtandaoni ambazo, kwa maneno ya kijana huyo, "serikali haizioni na mwizi hazijui." Mama alituma fedha kwa simu, kijana akanunua sarafu na kuzipeleka kwa "kampuni" ya kuzizalisha. Miezi miwili mama alioneshwa faida kwenye kioo cha simu. Mwezi wa tatu ile kampuni haikufunguka tena. Alichobaki nacho ni mstari mmoja wa herufi na tarakimu 34, unaoanza na herufi T. Anauliza: mstari huu unaweza kumfikisha mtu kwa mwizi?

Nataka kulijibu swali hili kwa kirefu kidogo, maana mama huyu aliambiwa jambo ambalo watu wengi mijini, hata wenye elimu zao, wanaliamini: kwamba sarafu hizi ni fedha za siri. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo ni miongoni mwa fedha zilizo wazi kuliko zote zilizowahi kutumiwa na binadamu.

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wataelewa upesi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Siku ya mkutano fedha zinahesabiwa hadharani na daftari linasomwa mbele ya wote. Katika vikundi vingi mwanachama haitwi kwa jina, anaitwa kwa namba: namba 7, hisa 3, namba 12, anarejesha mkopo. Sasa fikiria kikundi ambacho wanachama wake wametapakaa dunia nzima, daftari lake limenakiliwa katika maelfu ya kompyuta, ukurasa mpya unaongezwa kila baada ya dakika kumi hivi, na hakuna anayeweza kuchana wala kufuta ukurasa wa zamani. Hiyo ndiyo Bitcoin, iliyoanza tarehe 3 Januari 2009. Kila malipo tangu siku hiyo yamo: namba iliyotoa, namba iliyopokea, kiasi na saa. Majina hayamo. Mtu yeyote mwenye simu ya intaneti, akiwa ameketi hapo stendi ya Makambako akisubiri basi la Songea, anaweza kulisoma lote bure bila kumwomba mtu ruhusa.

Linganisha na M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta nchini mwaka 2008. Ukimtumia mtu fedha kwa simu, jirani yako hajui. Lakini kampuni inajua, na Serikali ikifuata taratibu za sheria inaweza kujua, kwa kuwa laini yako ina jina na alama za vidole. Tunakumbuka foleni za vitambulisho kabla ya laini kuanza kuzimwa Januari 2020. Kwenye simu, basi, karani anakujua na jirani hakuoni. Kwenye Bitcoin kila jirani anakuona, ila hajui kuwa ni wewe.

Na hapo ndipo penye mashaka. Katika kikundi cha kijijini, namba 7 haifichi kitu, kwa sababu wote wanamwona anaponyanyuka. Katika lile daftari la dunia namba inaficha, lakini inaficha mpaka siku ile tu mtu mmoja atakapoioanisha na sura. Kuanzia hapo hayafunuliwi malipo ya siku hiyo peke yake. Yanafunuliwa yote yaliyopita, ya miaka kumi iliyopita yakiwamo, maana hayakufutwa.

Namba inaoanishwaje na sura? Njia iliyo rahisi ni dukani. Mtu anayenunua sarafu hizi kwenye masoko makubwa huombwa kitambulisho na picha ya uso. Tangu hapo soko lile linajua namba yake. Njia ya pili ni ya kijasusi zaidi, na inatokana na chenji. Bitcoin hutumika kama noti: ukidaiwa 7 nawe una noti ya 10, noti yote inatoka na 3 inakurudia, mara nyingi kwenye namba mpya. Mchunguzi akiona malipo yamegawanyika hivyo, anakisia ni ipi ilikuwa bei na ni ipi chenji, na ile namba ya chenji anaiandika kwa jina lako. Ukiunganisha noti mbili kutoka namba mbili ili kulipa deni moja, anajua kwamba pochi zote mbili ziko katika mfuko mmoja. Mwaka 2013 mtafiti Sarah Meiklejohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ambao ndani yake walifanya miamala 344 na wafanyabiashara mbalimbali, kusudi tu wajue ni namba zipi ni za nani. Kutoka kwenye namba hizo chache waliweza kutambua mafungu makubwa makubwa ya namba nyingine. Leo ziko kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo, na wateja wao ni polisi na mabenki.

Nitatoa mfano ambao huwa unanichekesha, ingawa wenyewe haukuwachekesha. Oktoba 2013 Marekani ililifunga soko la mtandaoni la Silk Road, mahali ambapo dawa za kulevya ziliuzwa kwa Bitcoin. Miongoni mwa maofisa waliolichunguza walikuwamo Carl Force wa idara ya dawa za kulevya na Shaun Bridges wa idara inayolinda viongozi. Wawili hawa, wakiwa kazini, kila mmoja kwa njia yake, walijichotea Bitcoin za soko hilohilo. Walikuwa wapelelezi, tena wa jambo hilihili, na bado waliamini kwamba hawataonekana. Daftari liliwaonesha. Mwaka 2015 Force alihukumiwa miezi 78 jela na Bridges miezi 71.

Wengine walisubiri kwa subira. Agosti 2016 ziliibwa Bitcoin karibu 120,000 kutoka soko la Bitfinex. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikaa palepale, kila mtu akiiona, hakuna anayeigusa. Februari 2022 walikamatwa mume na mke huko New York, na maofisa wakachukua zaidi ya Bitcoin 94,000, ambazo siku hiyo zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.6. Miongoni mwa nyuzi zilizovutwa ni kadi ya manunuzi ya duka la Walmart.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa Kitandililo. Herufi T inaonesha kwamba sarafu zake hazikuwa Bitcoin; zilipita katika mtandao uitwao Tron, na yumkini zilikuwa Tether, ile sarafu inayofungamanishwa na dola ya Marekani na inayopendwa sana na matapeli kwa kuwa bei yake haiyumbi. Daftari la Tron nalo liko wazi. Anaweza kumpa kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne mstari ule, naye katika dakika tano atamwonesha siku zilipoingia na zilikotoka kuelekea. Zaidi ya hayo, Tether ina mwenyewe, kampuni, na kampuni hiyo ina uwezo wa kuzifungia sarafu zisitembee, na imekwisha kufanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Yule kijana aliyesema hazina wa kuziona alikosea hata jina la kitu alichokuwa akikiuza.

Lakini kuona si kupata. Sarafu hutawanywa katika namba mamia kwa saa chache, zinapitishwa masoko yaliyo nchi za mbali, zinabadilishwa kuwa sarafu nyingine. Kufuatilia kunahitaji mpelelezi mwenye zana, barua kutoka nchi hadi nchi, na tapeli aliyezembea. Mali ya milioni 6 haina nguvu ya kuwaamsha wapelelezi wa New York. Ndiyo maana ninasema kwamba kipande cha safari kilicho rahisi kufuatwa hakiko kwenye kompyuta hata kidogo. Kiko Makambako. Mama alituma shilingi kwa simu, kwenda laini yenye jina na alama za vidole. Ujumbe wa muamala anao. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa: sarafu ulinunua kwa nani, ukazipeleka namba gani, ulilipwa nini kwa kumleta mteja? Apeleke polisi ujumbe ule, mstari wa herufi, na mazungumzo yote ya simu bila kufuta hata moja, wala asisubiri kwa kumwonea aibu mtoto wa jirani.

Ninamwonya pia, yeye na wote waliopatwa na haya. Baada ya hasara huja mtu wa pili, mwenye sauti ya ofisini, akisema yeye ni mtaalamu wa kufuatilia sarafu na kwamba fedha zimeonekana, bado ada tu ya kuzifungua. Huyo naye ni mwizi, mara nyingi ni yuleyule. Namba yake itumwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Kuhusu kwamba Serikali haizioni: Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ijiandae na mambo haya mapya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Mtu wa Kitandililo akiyasoma matangazo hayo kwa mfuatano ana haki ya kushangaa ni kitu gani hiki kisicho fedha lakini kinachotozwa. Mimi binafsi ningependa dirisha la malalamiko litangulie dirisha la kodi.

Wako watakaosema, vema basi, uwazi huu ni dawa ya wezi, mwenye nia njema ana nini cha kuficha? Hapo sikubaliani nao. Ulizeni yeyote aliyevuna miti Njombe na habari zikamtangulia nyumbani: kabla hajavua viatu, jamaa wamekwisha kujaa uani, kila mmoja na shida yake. Chukulia kijana wetu anayefanya kazi Muscat, anayetuma sarafu kwa mdogo wake. Mdogo akishaijua ile namba, anaweza kusoma kila kinachoingia na kutoka, na akimwonesha rafiki, rafiki naye anasoma. Na si suala la jamaa peke yao. Januari 2025 huko Ufaransa David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ledger inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia sarafu hizi, alitekwa, na watekaji wakamkata kidole wakidai walipwe kwa sarafu hizohizo. Kujulikana kuwa unazo ni hatari yenyewe.

Kwa sababu hiyo ziko sarafu zilizobuniwa zifiche kweli. Monero, iliyoanza mwaka 2014, inafunika mtoaji, mpokeaji na kiasi. Majambazi wanaipenda, sikatai. Lakini noti ya shilingi elfu kumi nayo haiandikwi jina la aliyeishika, na hatujawahi kumwita mama muuza ndizi jambazi kwa kuipokea.

Jirani zetu Kenya walikumbana na upande mwingine wa jambo hili. Julai 2023 maelfu walipanga foleni Nairobi, katika jumba la KICC, wakipigwa picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin ili wapewe sarafu zenye thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Mwanzoni mwa Agosti serikali ya huko ilisimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Taarifa zilizo mikononi mwa kampuni mahakama inaweza kuamuru zifutwe, kwa kuwa kuna wa kuamriwa. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mwananchi njia ya kuomba taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe au zifutwe. Daftari la Bitcoin halina ofisi ya kupelekewa ombi hilo, na wanasheria wetu watakapokaa kutunga kanuni za mali za kidijitali, fundo hilo litawasubiri mezani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia lumbesa za viazi.