Pai ya Nanaa Isiyookwa: Sayansi ya Kuganda na ya Ubaridi Usiokuwapo

Huko Marekani, mwezi Machi unapofika katikati na theluji inapoanza kuyeyuka katika majimbo ya kaskazini, watu hujiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Sikukuu hiyo, ambayo huangukia tarehe 17 Machi, asili yake ni Ayalandi. Lakini kwa kuwa Waayalandi wengi walihamia Marekani, imekuwa siku ya furaha hata kwa wasio na asili hiyo. Maandamano yake mjini New York yalianza mwaka 1762, na tangu mwaka 1962 mto upitao katikati ya mji wa Chicago hutiwa rangi ya kijani kwa ajili ya siku hiyo. Meza za chakula nazo hazikuachwa nyuma. Miongoni mwa vitamutamu vinavyoandaliwa kuna pai ya nanaa, ya kijani kibichi, ambayo haiingii katika joko hata kidogo. Jina lake la Kiingereza maana yake ni "pai ya panzi". Wasomaji wetu wa Bukoba wasifurahi mapema: hamna panzi wala senene ndani yake. Jina limetokana na kinywaji kimoja cha kileo chenye rangi ya kijani, kinachonasibishwa na mji wa New Orleans, ambacho ladha zake za nanaa na kakao ndizo zilizohamishiwa katika pai hiyo. Ilipata umaarufu mkubwa katika miaka ya 1950 na 1960, wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa zimekwisha kupata jokofu.

Neno hilo la jokofu ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Keki na mkate husimama kwa sababu moto umegandisha protini za mayai na za unga, na kuivimbisha wanga. Je, pai isiyopata moto husimama kwa nguvu gani? Na je, mwalimu wa sayansi kimu katika shule isiyo na umeme aweza kuwafundisha wanafunzi wake jambo hili, au aachane nalo kwa kuwa ni mambo ya nchi za baridi? Kujibu swali la pili hatuna budi kulielewa vizuri lile la kwanza.

Tuanze na kitako cha pai. Wamarekani hutwanga biskuti za chokoleti, kiasi cha gramu 200, wakazichanganya na siagi iliyoyeyushwa, gramu 90 hivi, wakashindilia mchanganyiko huo katika sahani ya pai. Siagi ikipoa, mafuta yake huunda fuwele ndogo ndogo zinazoshikana na kuzifunga chembe za biskuti, mfano wa saruji inavyofunga mchanga. Tofauti ni kwamba saruji haibadiliki ikishakauka, ilhali fuwele za siagi huyeyuka mara joto linaporudi. Katika nyuzi 5 za Sentigredi kitako ni kigumu. Katika nyuzi 30 sehemu kubwa ya mafuta hayo ni maji maji, na kitako hubomoka mkononi.

Juu ya kitako huwekwa povu la krimu ya maziwa. Krimu ifaayo kupigwa ina mafuta asilimia 30 au zaidi. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana asilimia 3 hadi 5 tu, nayo hata ukiyapiga mchana kutwa hayatasimama. Matone ya mafuta ndani ya krimu yamefunikwa kwa utando mwembamba. Uma au mashine ya mkono ya kupigia mayai huuchana utando huo, na matone yaliyoganda nusu hunatana, yakafanya mnyororo unaozizunguka Bubujiko za hewa na kuzizuia zisipasuke. Sharti liko katika hilo neno "nusu". Mafuta yakiwa yameyeyuka yote, kama yalivyo katika adhuhuri ya Dar es Salaam, matone huungana kabisa na povu halipatikani. Ndiyo maana mpishi huweka krimu, bakuli na hata uma katika jokofu kwanza. Na akipiga kupita kiasi hupata siagi, jambo ambalo mama zetu wafugaji, wasukao maziwa katika vibuyu, hawahitaji kuelezwa.

Hata hivyo povu la krimu peke yake huchoka na kuanza kutoa maji baada ya saa chache. Linalolishikilia ni jelatini. Baadhi ya wapishi huitumia yenyewe, wengine huyeyusha zile peremende laini za povu ziitwazo mashimalo, ambazo nazo zimesimamishwa kwa jelatini. Jelatini ni protini itokanayo na kolajeni, iliyomo katika ngozi, mifupa na kano za wanyama. Molekuli ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba. Ukiichemsha, kamba hufumuka. Ukiipoza, nyuzi hujaribu kusokotana upya, lakini safari hii ovyo ovyo, huyu akamshika jirani wa huku na yule wa kule, hata pakatokea wavu unaonasa maji yote. Gramu 7 tu zatosha kugandisha karibu nusu lita. Wavu huo hufungamana vyema halijoto ikiwa chini ya nyuzi 20 hivi, na huyeyuka kati ya nyuzi 30 na 35. Hii ndiyo siri ya utamu wake: kinywa chetu kina nyuzi 37 kasoro kidogo, kwa hiyo pai huyeyuka juu ya ulimi bila kutafunwa.

Hapa mwalimu aweza kufanya jaribio zuri la vimeng'enya. Gandisha jelatini katika vikombe viwili; kimoja kitie vipande vya papai bichi au nanasi bichi, kingine kitie vipande vya nanasi lilelile lililochemshwa. Cha kwanza hakitaganda kamwe, kwa kuwa papaini ya papai na bromelaini ya nanasi huzikata nyuzi za protini vipande vipande. Katika cha pili kimeng'enya kimekwisha kuharibiwa na moto. Jambo jingine la kuangalia ni asili ya jelatini yenyewe: ipo itokanayo na ng'ombe na ipo itokanayo na nguruwe, na darasa lenye wanafunzi Waislamu lina haki ya kusomewa maandishi ya kwenye pakiti kabla ya kijiko kuingia mdomoni.

Kwa mwenye jokofu, kazi ni nyepesi. Gramu 7 za jelatini hulowekwa katika vijiko 4 vya chakula vya maji baridi kwa dakika 5. Mililita 150 za maziwa hupashwa moto pamoja na gramu 100 za sukari, jelatini ikatiwa na kukorogwa mpaka iyeyuke. Mchanganyiko huachwa upoe hata uwe mzito kama ute wa yai. Hapo hutiwa nusu kijiko cha chai cha arki ya peremende, na matone machache ya rangi ya kijani. Mililita 300 za krimu iliyopigwa huchanganywa taratibu, kwa kukunja badala ya kukoroga, ili hewa isitoroke. Pai hukaa katika jokofu saa 4. Mapishi ya zamani ya namna hii yalitumia pia ute wa mayai mabichi. Mimi sishauri hilo, maana mahali pasipo na moto hakuna kitu cha kuua vijidudu vya salmonela.

Sasa tuje kwenye nanaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye maajabu zaidi. Mwanafunzi akila pai hii atasema ni baridi. Mwambie aichukue peremende ya kawaida, iliyokaa mfukoni, na atasema vilevile kwamba ni baridi. Basi ayeyushe peremende 2 katika glasi moja ya maji, glasi ya pili aiache na maji matupu, azikae zote mezani mpaka zilingane na joto la chumba, kisha atie kipimajoto. Kipimo ni kilekile. Akionja, glasi moja ni baridi kuliko nyingine. Nani mwongo, kipimajoto au ulimi?

Jibu kamili lilipatikana mwaka 2002. Katika utando wa neva zipitishazo habari za joto na baridi mna protini zilizo kama malango madogo. Lango mojawapo, liitwalo TRPM8, hufunguka halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi. Chembe za kalisi na sodi zenye chaji huingia, neva ikashtuka, na ubongo ukapokea habari kwamba kuna baridi. Mentholi, yaani kiini cha peremende chenye fomula C₁₀H₂₀O, hujipachika katika lango hilo na kulifanya lifunguke katika joto ambalo kwa kawaida lingebaki limefungwa. Neva haina namna ya kujua ni nani aliyebisha hodi. Pilipili nayo hufanya vivyo hivyo kwa lango jingine, TRPV1, ambalo kwa desturi hufunguka kwenye nyuzi 43 hivi. Kwa hiyo mla pilipili huungua pasipo moto. Lango la pilipili lilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, na lile la mentholi lilitambuliwa na kundi lake na pia na kundi la Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ya mwaka 2021. Kwa nguvu hiyo hiyo, mafuta ya mentholi yasipakwe puani au usoni mwa mtoto mchanga, kwani yaweza kumkaba pumzi.

Lakini si kila nanaa ina mentholi nyingi. Ile tunayotia katika chai, ambayo kwa kawaida ni Mentha spicata, harufu yake hutokana zaidi na kavoni, na ubaridi wake ni mdogo. Nanaa kali ya peremende ni chotara wa hiyo na nanaa ya majini, na kama chotara wengi haizai mbegu zifaazo. Hupandwa kwa vipande vya shina. Wanafunzi wa kemia watafurahi kusikia kwamba kavoni ina sura mbili zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto: moja hunukia nanaa, na nyingine, yenye atomu zilezile kwa hesabu ileile, hunukia kisibiti. Pua inazitofautisha bila taabu.

Kuhusu rangi, msomaji asidanganyike. Arki ya peremende haina rangi, na kijani cha pai ya Marekani hutoka chupani. Ukijaribu kukipata kwa kuchemsha majani utapata rangi ya mchicha uliokaa motoni mno, kwa sababu joto na asidi huing'oa magnesi katikati ya molekuli ya klorofili, nafasi yake ikachukuliwa na hidrojeni. Ladha, kwa upande wake, yapatikana vizuri katika majani, mradi itolewe kwa mafuta, kwani viini vya nanaa huyeyuka kwa shida sana katika maji.

Turudi basi kwa shule isiyo na jokofu. Siagi haifai, krimu haifai, jelatini haifai. Zote tatu zimeumbwa kuyeyuka karibu na joto la chumba chetu. Dawa ni kutafuta vitu ambavyo nyuzi 30 hazivibughudhi. Kwa kitako, twanga gramu 150 za tende zilizotolewa kokwa pamoja na gramu 150 za karanga zilizokaangwa. Kinachofunga hapa ni sukari nzito ya tende, wala si mafuta, kama ambavyo kashata husimama juani bila taabu. Kwa juu, tumia agaa, unga au nyuzi za mwani ambazo wapishi wa pwani huziita chaina-grasi na kuzitumia katika faluda. Agaa huganda inapopoa kufikia nyuzi 35 au 40, na haiyeyuki tena mpaka karibu nyuzi 85. Pasha moto mililita 500 za tui zito pamoja na gramu 80 za sukari na konzi ya majani ya nanaa, funika dakika 15, kisha chuja. Chemsha gramu 5 za unga wa agaa katika mililita 150 za maji kwa dakika 3, changanya na tui likiwa bado moto, mimina. Tui baridi litaigandisha agaa mabonge mabonge. Anayetaka ubaridi ulimini ayeyushe peremende 3 katika tui. Povu halimo, na pai hii ni nzito kuliko ya Marekani. Lakini inasimama, nayo iliwe mara inapoganda, kwa kuwa tui halingoji kesho.

Kuna jambo moja zaidi, nalo laturudisha Ayalandi. Watu wa pwani ya huko tangu zamani wamechemsha mwani mwekundu katika maziwa na kupata kitamutamu kinachoganda bila joko. Kiini kinachogandisha huitwa karajinani, na jina hilo limetokana na jina la Kiayalandi la mwani huo. Karajinani hiyo ndiyo iliyomo katika mwani unaolimwa Zanzibar, ambao kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Wakulima walio wengi ni wanawake. Aina inayostahimili zaidi, iitwayo spinosamu, hutoa jeli laini na bei yake ni ya chini. Kotonii, yenye jeli ngumu na bei nzuri, imekuwa ikifa maji ya bahari yanapopata joto kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ikiwa mikavu, na unga wa karajinani hutengenezwa katika viwanda vya ng'ambo, ambako faida yake hubaki.

Mwalimu aliye karibu na pwani aweza kuupata mwani mkavu kwa urahisi. Uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka chumvi iishe, ulowekwe usiku kucha, uchemshwe nusu saa kwa moto mdogo, kisha maji yake mazito yachujwe kwa kitambaa na kuchanganywa na maziwa ya moto. Na awape wanafunzi sahani tatu, ya jelatini, ya agaa na ya mwani, zote zikiwa zimeganda. Waziweke juu ya sufuria ya maji yanayopashwa moto polepole, na waandike kipimajoto kinasomaje kila moja inapoanza kuteleza.