Pini ya Kofia na Shanga za Tabora

Hebu fikiria pini ya chuma yenye urefu wa karibu sentimita 30. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wanawake wa Marekani na Ulaya walishikizia kofia zao kubwa kwa pini kama hiyo. Mwaka 1903, jijini New York, mwanamke kijana alimchoma nayo mkononi mzee aliyekuwa akimpapasa ndani ya gari la abiria. Fizikia yake unaijua toka sekondari: kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Ncha ikiwa ndogo sana, hata nguvu kidogo inapenya koti.

Je, kwetu Tabora kulikuwa na pini kama hiyo?

Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, wafanyabiashara wakipaita Kazeh, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani, na wanawake wengi walisafiri nao. Walivaa shanga, sambo miguuni, na vitindi, yaani waya wa shaba uliozungushwa mkononi. Kati ya hivyo, hakuna kilichotengenezwa kuchoma mtu. Ila shanga, waya na nguo ndizo zilikuwa pesa za njia ile. Chakula kilinunuliwa kwa hizo, na hongo ya watemi ililipwa kwa hizo hizo. Kwa hiyo aliyevaa shanga alitembea na akiba yake mwilini. Akikwama njiani, anaanzia hapo.

Lakini tusijidanganye. Shanga na nguo zilezile zilinunua pia watu. Mwanamke aliyetekwa, mbali na ndugu zake, hakuhesabiwa tena kama mwenye mali. Yeye mwenyewe alikuwa mali. Ndiyo maana kule Unguja, baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa, wanawake wengi waliacha kaniki na merikani za kitumwa wakavaa kanga. Nguo ile ilimwambia kila mpita njia: usiniite mtumwa. Huku bara, sheria ya kufuta utumwa ilisubiri hadi 1922.

Na zile pini? Mwaka 1910, jiji la Chicago lilipiga marufuku pini zinazochomoza sana nje ya kofia. Wapapasaji waliendelea kupanda magari. Pambo humsaidia mwanamke kwa dakika moja mbaya. Siku zinazobaki zinategemea kama watu waliomzunguka wanamhesabu kuwa mtu.