Kisu changu cha mfukoni kilivyomtia hasara mkulima wangu

Leo tuweke kando kidogo mbegu na mbolea. Tuongelee kitu ambacho karibu kila kijana anayelima kibiashara anacho mfukoni, ila huwezi kukikuta kwenye mpango wake wa kilimo: kisu cha kukunja.

Mimi changu nakitumia kutwa nzima. Kinafungua mfuko wa mbolea, kinakata kamba za kufungia nyanya, kinakata kipande cha bomba la dripu kilichopasuka, kinapasua tunda nikitafuta kiwavi wa kantangaze. Nikikisahau nyumbani najiona kama nimetoka bila simu. Lakini kisu kimewahi kumtia mtu hasara, na aliyekuwa amekishika ni mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, ukanda wa nyanya wa Ilula, Iringa. Nimetoka chuo na diploma yangu, najiona najua kila kitu. Asubuhi moja niliitwa shamba ambalo nyanya zilikuwa zinanyauka ghafla huku majani bado ya kijani. Nikachomoa kisu, nikakata shina, nikaona rangi ya kahawia ndani. Nikafuta kisu kwenye suruali, nikakikunja, nikapanda pikipiki.

Mchana nilikuwa shamba la pili, la kijana mmoja aliyelima kwa mkopo wa kikoba. Nyanya zake zilikuwa nzuri kweli. Akaniomba nimfundishe kupunguza maotea, na mimi kwa mbwembwe nikachomoa kisu kilekile. Nikapogoa mistari miwili mwanzo hadi mwisho, yeye anatazama. Mistari mingine aliimalizia mwenyewe kesho yake, akivunja maotea kwa vidole.

Wiki mbili baadaye akapiga simu: "Bwana shamba, njoo uone." Nilipofika nilikuta mistari miwili imenyauka. Ile ile niliyopogoa mimi. Maji ya mfereji yaliingia mistari yote sawa, miche ilitoka kitalu kimoja, lakini mistari yake ya vidole ilikuwa imesimama. Sikuhitaji maabara kuniambia kilichotokea.

Ningeweza kusingizia udongo, na angeniamini. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sasa bwana shamba, hela ya kikoba nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu. Tuling'oa pamoja mistari yote miwili, tukatoa mimea nje ya shamba, na yeye akalipa mkopo ule kwa kuchelewa.

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kuutibu. Bakteria wake hukaa kwenye mishipa ya maji ya mmea, na ukikata shina wanabaki kwenye utomvu ulioshika kwenye kisu. Mmea unaofuata unawapokea kupitia kidonda ulichokitengeneza wewe mwenyewe. Wakishaingia kwenye udongo wanaweza kudumu miaka, na wanashambulia pia viazi mviringo, pilipili na bilinganya.

Ndugu zetu wa Kagera wanalijua hili kwa migomba. Unyanjano ulibainika kule mwaka 2006, na panga na visu vya kukatia majani na machipukizi ni njia mojawapo kubwa iliyousambaza. Ndiyo maana wanashauriwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kukata na kisu.

Kwa hiyo kisu tukitupe? Hapana. Kisu ni kama sindano ya nesi. Inaponya, ila haitoki kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine hivihivi. Utaratibu ninaofuata mimi ni huu:

1. Futa kwanza. Utomvu na udongo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kisu kifutwe na kitambaa chenye maji na sabuni kabla ya kukitakasa.

2. Takasa. Changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 5 za maji, uchovye kisu chote pamoja na ile sehemu ya kukunjia, maana utomvu hujificha humo. Changanya upya kila siku kwa sababu jiki iliyochanganywa jana imeshapungua nguvu. Spiriti nayo inafaa. Kwenye shamba lenye ugonjwa, takasa kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Beba visu viwili: kimoja kinaloa, kingine kinafanya kazi.

3. Suuza, kausha, paka mafuta. Jiki inakula chuma. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha.

4. Anza na mimea mizima, malizia na migonjwa. Na shamba lenye mnyauko liwe la mwisho kwa siku hiyo.

5. Maotea ya nyanya yakiwa machanga, yavunje kwa vidole asubuhi majani yakishakauka umande. Kisu kingojee yaliyokomaa. Mikono nayo inaoshwa, msisahau.

Wengine hupitisha kisu kwenye moto. Inasaidia, ila usikiache mpaka kiwe chekundu. Chuma kikipata moto mwingi kinalainika, hata ukinoa makali hayakai.

Kisu hichohicho kinaweza kukuambia ugonjwa mapema. Ukiona mche umenyauka, kata kipande cha shina karibu na udongo, kiasi cha sentimita 5. Kishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, ncha moja iwe ndani. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Laiti ningefanya hivi asubuhi ile, nisingeingia shamba la pili na kisu mfukoni.

Sasa, ununue kisu gani? Wengi mnakijua Okapi, kile chenye pete ya chuma mgongoni. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, na leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Kiwe hicho au kingine, angalia mambo matatu. Kiwe na kufuli, kisijikunje kwenye vidole. Urefu wa sentimita 7 hadi 9 unatosha. Na kama hupendi kupaka mafuta, chukua cha chuma kisichoshika kutu. Cha chuma cha kawaida kinanoleka kirahisi zaidi lakini kinataka matunzo.

Kwa mnaobebesha parachichi, hasa wa Njombe, tengeni kisu cha kazi hiyo peke yake. Kikonyo kinataka mkato mmoja safi, ili ile ngozi ya kijani chini ya gome igusane vizuri na ya mche. Kisu butu, au kilichotoka kufungua mifuko ya mbolea, kinaponda badala ya kukata, na kidonda kinaoza.

Kuhusu usalama, kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakilazimisha. Noa mara kwa mara. Kata kuelekea nje, siyo kuelekea mwilini. Ukimpa mwenzako, kikunje kwanza. Usikitumie kumenyea embe baada ya kukata pakiti ya sumu. Na chanjo ya pepopunda, ulizieni kituo cha afya, maana kidonda cha shambani hakina udogo.

Yule kijana bado analima. Pale penye mistari ile alipanda mahindi msimu uliofuata, na nyanya alizihamishia upande mwingine wa shamba. Nikimtembelea, kabla sijavuka mfereji ananiuliza, "Bwana shamba, kisu umekiosha?" Namwonyesha chupa ya jiki kwenye begi. Hapo ndipo ananiruhusu kuingia.

Na wewe muulize hivyohivyo yeyote anayeingia shambani kwako na kisu, awe kibarua, mnunuzi au bwana shamba. Usimwonee aibu. Shamba ni lako, na mkopo ni wako.

Kazi njema.